Moshi wa Magari: Ni Nani Aliyeuhesabu?

Kama mazungumzo haya yalikupita yaliposomwa redioni, haya hapa kwa maandishi. Na kama uliyasikia, yasome tena taratibu, kwa sababu leo kuna tarakimu nyingi, na tarakimu zikisomwa redioni huingia sikio hili zikatokea lile.

Hebu tuanzie Kawangware, kwenye steji ya matatu za nambari 46, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Matatu imesimama, injini inanguruma, makanga anaita abiria. Gari haliondoki mpaka lijae. Nyuma yake, hatua tatu tu kutoka kwenye ekzosi, mama amepanga mandazi na chai, na mgongoni amembeba mtoto. Dereva akikanyaga mafuta moshi hutoka mweusi, kisha huwa wa kijivu, kisha huuoni tena. Huuoni, lakini haujaenda mbali. Ukienda Kibera, pale Olympic au kando ya Kibera Drive, utakuta mambo ni yayo hayo: gari, moshi, chakula na mtoto, vyote mahali pamoja.

Kila mmoja wetu anajua kwamba moshi huo si mzuri. Lakini ukimwuliza mtu ni mbaya kiasi gani, atakuambia, "Ni mbaya sana," na mazungumzo yataishia hapo. Nenda ukalalamike kwenye ofisi yoyote kwamba moshi wa magari unawaumiza watoto wenu, utaulizwa ushahidi uko wapi. Mtu mwenye malaria hupimwa damu, mwenye kifua kikuu hupimwa makohozi. Je, hewa ya steji ilipimwa lini, na nani, na majibu alipewa nani? Hiyo ndiyo historia ninayotaka tuipitie leo. Si ndefu, na sehemu kubwa yake imetokea tukiwa hai.

Kwa miaka mingi kipimo kilikuwa jicho la askari. Kanuni za trafiki tulizorithi kutoka wakati wa mkoloni zinakataza gari kutoa moshi ambao ungeweza kuepukika. Lakini hazikumpa askari chombo chochote. Alitakiwa kutazama. Moshi ukiwa mweusi sana, alisimamisha gari. Ukiwa wa wastani, mambo yalitegemea yeye na dereva, na hapo msomaji wa Nairobi hahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni iliyokuwa ikihitajika awali, na biashara hiyo ikakua haraka. Mwaka 2004 zikaja zile kanuni za Waziri John Michuki: mikanda ya kiti, kidhibiti mwendo kisichozidi kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, sare kwa dereva na makanga. Kanuni hizo ziliokoa maisha, hakuna anayebisha. Lakini zilimtazama abiria aliye ndani ya gari. Aliyekaa nyuma ya ekzosi akiuza mandazi hakuwamo.

Kulikuwa na jicho lingine, ambalo wengi wetu hatukulijua. Kwenye viwanja vya ndege wako watu ambao kazi yao ni kuangalia na kuandika, saa baada ya saa, macho ya binadamu yanaweza kuona umbali gani. Rubani anahitaji kujua. Watu hao hawakuwa na haja na mapafu ya mtu yeyote. Walikuwa wakilinda ndege. Lakini daftari zao zilihifadhiwa, na mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo ya kuzipitia kumbukumbu za Nairobi, Kampala na Addis Ababa tangu miaka ya 1970 hadi 2018. Waligundua kwamba umbali wa kuona jijini Nairobi ulikuwa umepungua kwa zaidi ya nusu. Wazee wanaosimulia kwamba zamani Mlima Kenya ulionekana kutoka Nairobi asubuhi nyingi hawakuwa wakitia chumvi. Kumbe ushahidi wa hewa yetu ulikuwa umelala kwenye daftari za uwanja wa ndege miaka yote hiyo, ukiandikwa kwa sababu nyingine kabisa.

Hata hivyo jicho lina kasoro kubwa: sumu nyingine hazina rangi. Hapa lazima nisimame kidogo kwenye habari ya risasi.

Risasi ninayoitaja ni ile madini, si ile ya bunduki. Tangu mwaka 1923, kule Marekani, madini hayo yalianza kutiwa kwenye petroli ili injini isigonge. Injini ilitulia, na risasi ikatoka kwa ekzosi, ikatua barabarani, kwenye vumbi, kwenye mboga, kwenye vidole vya watoto. Mtoto anaponyonya kidole huimeza, na anapovuta pumzi huivuta. Ikishaingia mwilini hushambulia ubongo unaokua: mtoto huwa mzito wa kujifunza, mwepesi wa hasira, na mwalimu humwita mtundu. Haina harufu. Hakuna askari wa trafiki ambaye angeweza kuiona.

Hapa kwetu petroli ilitiwa risasi kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa. Mwezi Juni 2001 wajumbe wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikutana Dakar, Senegal, wakakubaliana kuiondoa. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano mkuu wa Johannesburg, ukaundwa ushirikiano wa kimataifa wa mafuta safi na magari safi, ambao ofisi yake ilikuwa hapa hapa Nairobi, katika Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, kule Gigiri. Kufikia mwanzo wa 2006 petroli yenye risasi ilikuwa imeondolewa kwenye vituo vya mafuta vya Kenya na vya nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani kuiacha, Julai 2021. Ninaitaja habari hii kwa sababu ni mojawapo ya mambo machache ya hewa yetu yaliyofanywa yakaisha, na wengi wetu hatukujua hata kwamba yalikuwa yakifanywa.

Na damu ya watoto? Hiyo ilipimwa. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliopima watoto wa chini ya miaka mitano katika vitongoji vya Kibera. Karibu watoto 7 katika kila 100 walikuwa na risasi ya kufikia au kupita mikrogramu 10 kwa kila desilita ya damu, kiwango kilichokuwa kikihesabiwa wakati huo kuwa cha hatari. Na hawa walipimwa baada ya risasi kuondolewa kwenye petroli. Risasi haiozi, hubaki kwenye udongo, na pia inatoka kwenye rangi za nyumba, betri kuukuu na kazi za kuyeyusha vyuma. Kipimo cha damu hukuonyesha kilichokwisha kuingia. Hakiwezi kukuonya kabla hakijaingia. Kwa onyo la namna hiyo ni lazima upime hewa yenyewe.

Sasa tuje kwenye hewa. Wataalamu wanapozungumza juu ya moshi wa magari, kitu wanachokihofia zaidi ni chembe ndogo sana za masizi. Chukua milimita moja uigawe mara 1,000. Chembe hizi hazizidi sehemu mbili na nusu kati ya hizo 1,000. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko chembe hiyo mara 20 na zaidi. Vumbi kubwa hunaswa na pua, ukapenga kamasi nyeusi jioni ukashangaa. Chembe hizi hazinaswi. Hushuka hadi mwisho wa mapafu, na nyingine hupenya zikaingia kwenye damu. Ndiyo maana madhara yake hayaishii kwenye kikohozi na pumu: yanafika kwenye moyo, shinikizo la damu na kiharusi. Juni 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu, wakauweka kwenye kundi moja na sigara.

Zamani chembe hizo zilipimwa kwa karatasi. Unachukua pampu ndogo inayovuta hewa kupitia karatasi safi ya kuchujia, unaiacha ivute kwa saa kadhaa, kisha unapeleka karatasi maabara ikapimwe uzito. Uzito ulioongezeka ndio uchafu. Ni njia nzuri na sahihi, na mpaka leo ndiyo inayotumiwa kuhakiki njia nyingine.

Julai 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, pamoja na wenzao wa hapa Nairobi, walifanya kazi hiyo kando ya barabara zetu. Tafadhali soma tarakimu hizi polepole, kwa maana ndizo zilizonifanya niandike mazungumzo haya. Kwenye ukingo wa barabara katikati ya jiji walipata wastani wa mikrogramu 98.1 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa, kwa saa 11 za mchana. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha wakati huo, kilichotolewa 2005, kilikuwa mikrogramu 25 kwa saa 24. (Mwaka 2021 kiwango hicho kilishushwa hadi 15.) Saa 11 si saa 24, kwa hiyo usilinganishe kama mtu anayepima sukari dukani, lakini unaona mwelekeo.

Kisha wakafanya jambo ambalo kwangu mimi ndilo la maana zaidi. Kwenye makutano makubwa ya barabara walipima pale pale kando ya magari, wakapata 128.7. Wakaenda mita 100 upande ambao upepo unaelekea, wakapata 18.7. Mita 100 tu! Urefu wa uwanja wa mpira. Jijini walipima chini barabarani wakapata 119.5, kisha wakapanda juu ya paa la ghorofa ya tatu, wakapata 42.8.

Sasa geuza hesabu hiyo uitazame Kawangware. Ni nani anayeishi mita 100 kutoka barabarani, na ni nani anayeshinda hatua tatu kutoka barabarani kuanzia alfajiri mpaka usiku? Mwenye ofisi ya ghorofa ya tatu anavuta hewa ile ya 42. Mama wa mandazi, fundi wa viatu, kijana wa kuchaji simu, makanga mwenyewe, wao wako kwenye ile ya 119. Mwaka 2011 watafiti walirudi Nairobi wakawapima madereva wa mabasi, mafundi wa gereji, wachuuzi wa barabarani na akina mama wa Mathare, wakithibitisha kwamba kazi ya mtu huamua anavuta nini. Watu wengi hudhani kwamba uchafu wa hewa ni wa jiji zima kama mvua. Ukweli ni kwamba unaweza kuwa mara sita au saba zaidi upande huu wa kibanda kuliko nyuma ya plot.

Karatasi ya kuchujia, pamoja na usahihi wake wote, ina upungufu mmoja. Inakupa tarakimu moja kwa siku nzima. Ni kama kumwuliza mtu ametumia shilingi ngapi mwezi huu, naye akakutajia jumla tu. Hujui zilikwenda kwenye kodi au kwenye pombe. Saa moja asubuhi ilikuwaje? Na saa nane mchana? Na ilikuwa moshi wa gari au wa jiko? Karatasi haisemi.

Ndipo vikaja vihisi. Kihisi ni kidude kinachoingia kwenye kisanduku cha ukubwa wa redio ya mkononi. Ndani mna feni ndogo inayovuta hewa, na mwali mwembamba wa mwanga. Chembe ya masizi ikikatiza kwenye mwali, mwanga hutawanyika, na jicho la umeme linahesabu. Nafikiri umewahi kuona jua la asubuhi likiingia kwa tundu la bati na vumbi likicheza kwenye ule mstari wa mwanga. Basi kazi ni ile ile. Visanduku vingine huongezewa vihisi vya gesi, kama ile ya naitrojeni inayotoka kwenye ekzosi na kuwasha koo. Halafu kuna laini ya simu kama hii yako na yangu, na kila baada ya muda mfupi kisanduku kinatuma tarakimu kwenye kompyuta iliyo mbali. Mtu aliyeko Gigiri anaweza kuona hewa ya Kibera jinsi ilivyo saa hiyo hiyo, bila kutoka kitini.

Mwaka 2015 UNEP ilitangaza kifaa cha namna hiyo, kikikadiriwa kugharimu kama dola 1,500 kimoja, wakati vituo vya kawaida vya kupima hewa huhitaji makumi ya maelfu ya dola na zaidi. Tarehe 1 Mei 2016 vifaa sita viliwashwa Nairobi: kwenye shule nne, kwenye makao makuu ya UNEP, na kwenye kituo kimoja cha kijamii. Mojawapo ya shule hizo ni Kibera Girls Soccer Academy. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema vitu vya teknolojia havifiki Kibera, mwambie kihisi cha hewa kilifika huko wakati mitaa mingi ya matajiri haikuwa nacho.

Nao watafiti wa mradi huo waliandika kwa uwazi jambo ambalo wauzaji wa vifaa hawapendi kulitaja. Walisema vihisi hivi havishindani na mashine kubwa. Vinatoa picha ya jumla, vinapaswa kusahihishwa, na kuvitunza kunahitaji fedha na watu. Mwezi Februari na Machi 2017 Francis Pope wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, na Michael Gatari wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao waliweka vihisi kando ya barabara jijini, mahali penye utulivu zaidi jijini, na Nanyuki, wakavisahihisha kwa kutumia ile karatasi ya zamani. Matokeo yalikuwa kama ambavyo ungetarajia: barabarani ndiko kulikokuwa na uchafu mwingi zaidi, Nanyuki mdogo zaidi. Na kwa mara nyingine saa za siku zikaonekana: tarakimu hupanda asubuhi watu wanapokwenda kazini, hupanda tena jioni wanaporudi.

Kusahihisha ni kitu gani? Nitakupa mfano wa Julai. Asubuhi ya ukungu, Dagoretti yote imefunikwa, kihisi kinaweza kuhesabu matone ya maji kana kwamba ni masizi, na kikatoa tarakimu ya kutisha. Asiyejua atapiga kelele kwamba watu wanakufa. Kesho yake jua likitoka tarakimu inashuka, na yule aliyepiga kelele haaminiki tena. Ndiyo sababu ni lazima kihisi kiwekwe kwanza kando ya kipimo kinachoaminika, kama vile mizani ya mwenye duka inavyokaguliwa.

Na sasa lile swali gumu: moshi ni wa nani? Hapa naomba tusemezane ukweli. Kati ya matatu na jiko la makaa, kihisi hakibagui. Utafiti wa Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya cha Afrika, APHRC, uliofanywa 2013 katika vitongoji vya Korogocho na Viwandani, ulipata wastani wa kama mikrogramu 166 Korogocho na 67 Viwandani. Korogocho iko jirani na jaa la taka la Dandora, ambako takataka huchomwa. Kwa hiyo magari si mshitakiwa pekee. Mtu akitaka kukwepa lawama atakuambia, "Ni majiko yenu." Hapo ndipo faida ya kupima kila dakika inapoonekana. Jiko lina saa zake na steji ina saa zake. Tarakimu ikipanda kila asubuhi matatu zinapopanga foleni, ikashuka zinapoondoka, na kihisi cha pili kilichoko mita 100 ndani ya mtaa kisipande kwa kiasi hicho, basi unaweza kusema bila kuogopa ni nani. Kihisi kimoja ni umbea. Viwili vilivyopangwa vizuri ni shahidi.

Majirani zetu wametupa mifano. Mukuru, upande wa pili wa jiji, mwaka 2015 wakazi wenyewe walishirikiana na Taasisi ya Mazingira ya Stockholm wakabeba vipimo vya mkononi wakitembea katika shughuli zao za kila siku, wakajionea ni vichochoro gani vinaumiza. Kampala, kundi la AirQo la Chuo Kikuu cha Makerere, lililoanza 2015, lilitengeneza vihisi vyake lenyewe, vingine vikafungwa kwenye pikipiki za boda boda ili vipime hewa ya jiji vikitembea. Mradi wa sensors.AFRICA uliiga mtindo wa wananchi wa mji wa Stuttgart, Ujerumani, ambao walikuwa wakiunganisha vihisi wenyewe majumbani. Napenda sana ule wa boda boda. Mwendeshaji ndiye anayekula moshi kuliko wote, na hapo akawa ndiye mpimaji.

Lakini vipimo hunyamaza. Feni hujaa vumbi, umeme hukatika, laini ya simu huisha salio, mfadhili huondoka. Na hata wakubwa hunyamaza: mwezi Machi 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha kutoa kwa umma vipimo vya hewa vilivyokuwa kwenye balozi zake duniani, ikiwemo ya Kampala. Watu walioamka kila siku wakiangalia tarakimu hiyo waliamka siku moja hakuna kitu. Kwa hiyo wakija watu mtaani kwenu kufunga kihisi juu ya shule au kanisa, wapokee vizuri, kisha uliza maswali ya mwenye nyumba: ni nani atalipia laini, ni nani atakisafisha, tarakimu tutaziona wapi, na mradi ukiisha kifaa kitabaki cha nani?

Sheria tunazo. Kanuni za ubora wa hewa zilitolewa 2014 chini ya sheria ya mazingira ya 1999. Magari yaliyotumika yenye zaidi ya miaka minane hayaruhusiwi kuingizwa nchini. Januari 2015 nchi yetu ilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, badala ya 500 za awali, na hilo lilipunguza masizi. Wakati huo huo barabara zinaongezeka. Julai 2018 nyumba za maelfu ya watu, pamoja na shule, zilibomolewa Kibera ili kupitisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Watu wengi walizungumza juu ya fidia, na walikuwa na haki. Sikusikia wengi wakiuliza juu ya wale waliobaki, ambao siku moja walikuwa wakiishi ndani mtaani na siku iliyofuata milango yao ikawa inatazama barabara. Hizo ni zile mita 100 zikiondolewa. Hapo ndipo kihisi kingefaa kufungwa kabla ya tingatinga la kwanza kufika, ili pawe na tarakimu ya kabla na tarakimu ya baada.

Sasa mambo ya nyumbani, kwa maana najua mama wa mandazi hangoji watafiti. Kama unaweza kusogeza kibanda hatua kumi tu kutoka mahali matatu zinaposimama, sogeza. Upepo pia una upande: angalia moshi unaelekea wapi, ukae upande mwingine. Mtoto asikae chini usawa wa ekzosi. Ndugu dereva, ukingoja abiria zima injini. Unachoma mafuta yako mwenyewe. Fundi wa jua kali akikushauri uondoe kile kichujio kilichoko kwenye bomba la ekzosi ili akiuze, kataa. Shule yenye madirisha upande wa barabara iyafunge saa za asubuhi magari yanapojaa, iyafungue yakipungua. Kitambaa cha kufunika pua huzuia vumbi, lakini hakizuii zile chembe ndogo nilizokueleza, kwa hiyo usikitegemee.

Na kuna kipimo kimoja ambacho kila mzazi anacho, hakihitaji mfadhili. Mtoto mwenye kikohozi akipumua haraka, mtulize, mfunue kifua, chukua saa ya simu, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Usihesabu akiwa analia. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika pumzi 60 au zaidi, wa miezi miwili hadi asitimize mwaka akifika 50, wa mwaka mmoja hadi asitimize mitano akifika 40, mpeleke kliniki siku hiyo hiyo. Huenda ni nimonia. Na kama nyama za chini ya mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, au ameshindwa kunyonya, usihesabu tena. Mpeleke hospitali hata kama ni usiku, na ukifika mwambie daktari mnaishi umbali gani kutoka barabarani.